Jipime kwanza kabla ya kununua baiskeli ya mtumba

Neno mtumba lina historia ambayo ingefaa kukumbukwa na kila mtu aingiaye sokoni. Enzi za misafara ya wapagazi kutoka pwani kuelekea bara, mtumba ulikuwa bunda la mzigo lililofungwa barabara na kubebwa kichwani au mabegani. Leo neno hilo limehamia kwenye nguo, viatu na vyombo vilivyokwisha kutumiwa na wengine ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Maana imepanuka, lakini chembe moja ya maana ya kale haijapotea: anunuaye mtumba bado ananunua kitu kilichofungwa. Asipojua kukifungua na kukichungua, hubeba mzigo asioujua.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya bidhaa moja ambayo walimu wenzangu na wanafunzi wetu wanazidi kuitafuta, nayo ni baiskeli nyepesi ya barabara ya lami, ile yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume na magurudumu membamba. Sababu za kutafutwa kwake si ngumu kuzielewa. Nauli za matatu hupanda mvua inyeshapo na hazina huruma kwa mwenye mshahara mdogo. Aidha, vijana wana mifano ya kuiga. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa uendeshaji na David Kinjah kule Kikuyu, aliyashinda mashindano ya Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Na mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuandaliwa katika bara hili. Kijana aliyeyatazama hayo hawezi kulaumiwa akitamani baiskeli ya aina hiyo.

Mpya ya kiwango kizuri, hata hivyo, ina bei isiyosemeka mbele ya mwalimu. Kwa hiyo macho yote huelekea kwenye mitumba. Sina ubishi na uamuzi huo. Mimi mwenyewe huenda kazini kwa baiskeli iliyotumiwa na mtu nisiyemjua katika nchi nisiyoitambua. Ubishi wangu ni kuhusu utaratibu wa ununuzi. Wengi wetu huanza kwa kuuliza bei, kisha huangalia rangi, na mwisho kabisa, baada ya pesa kutoka mfukoni, ndipo huuliza kama chombo kinawatosha. Utaratibu huo umepinduliwa miguu juu. Mnunuzi mwenye busara huanza na kipimo cha mwili wake, hufuatisha hali ya chombo, na bei huiweka mwisho. Baiskeli isiyokutosha si rahisi hata ukipewa bure.

Tuanze na lugha ya muuzaji, maana hiyo ndiyo taaluma yangu. Muuzaji wa baiskeli kuukuu ana msamiati mfupi lakini wenye nguvu. Kuna "itakutosha tu, shusha kiti." Kuna "ni marekebisho kidogo." Kuna "hii ni ya Uingereza," kana kwamba nchi inakotoka ni cheti cha ubora. Hebu tuyatazame maneno hayo. Katika "itakutosha tu," kiambishi cha wakati ujao kinakuahidi jambo ambalo lingepaswa kuthibitishwa sasa hivi, ukiwa hapo hapo. "Kidogo" ni neno lisilo na kipimo. Udogo wake huamuliwa na anayelipa, si anayesema. Simlaumu muuzaji. Yuko kazini, na aghalabu hata yeye hajui historia ya chombo alichokipokea kutoka kwenye kontena. Ila mnunuzi asiye na maneno yake mwenyewe hujikuta akiyakubali ya mwenzake.

Basi maneno ya mnunuzi ni yapi? Mwili wa mwendeshaji hukutana na baiskeli mahali patatu tu: penye kiti, penye usukani na penye pedali. Umbali baina ya sehemu hizo tatu ndio unaoamua kama utafika shuleni ukiwa mchangamfu au ukiwa umeshika kiuno. Baadhi ya umbali huo hurekebishika. Kiti hupandishwa na kushushwa. Husogezwa mbele na nyuma kidogo. Lakini fremu, ile mifupa ya chuma inayounganisha vyote, haikui wala haisinyai. Ndiyo maana nasema kwamba nasaha ya "shusha kiti" ni nusu ya ukweli. Kushusha kiti hutatua tatizo la miguu kufika chini. Hakutatui tatizo la mikono kuufikia usukani ulio mbali kupita kiasi, wala la magoti kugonga usukani ulio karibu mno.

Kujipima si kazi ya daktari. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, miguu ikiachana kwa kadiri ya shubiri moja. Chukua kitabu chenye jalada gumu, na mwalimu hakosi kitabu, ukibane katikati ya mapaja na kukipandisha mpaka kigote, kama vile umekalia kiti cha baiskeli. Mwenzako atie alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Hicho ndicho kimo cha miguu yako. Kizidishe kwa 0.65. Kwa mtu mwenye sentimita 83, jibu ni karibu 54. Hiyo ni saizi ya kuanzia ya fremu ya mtindo wa kale, ambayo bomba lake la juu hulala mlalo: hupimwa kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi katikati ya bomba la juu, pale linapokutana na bomba linalopokea nguzo ya kiti.

Nimesema saizi ya kuanzia, na nimelichagua neno hilo kwa makusudi. Watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Wapo wanaokomea kwenye ncha ya bomba la kiti, na wapo wanaokomea pale bomba hilo linapokutana na bomba la juu, kwa hiyo 54 ya huyu yaweza kuwa 55 au 56 ya yule. Fremu za miaka ya karibuni zina bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma, na nyingi huandikwa herufi badala ya tarakimu. Kibandiko basi si ushahidi wa kutosha. Nenda sokoni na futi kamba ya fundi cherehani, upime wewe mwenyewe. Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Meno yake hayatakusaidia kupanda mlima.

Baada ya kupima, simama juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini, bomba la juu likiwa katikati. Katika fremu ya mlalo, pawepo nafasi ya sentimita mbili hadi tano baina yako na bomba hilo. Pasipokuwepo, siku utakayofunga breki ghafla utajuta. Kisha panda, mwenzako akikushikilia. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo mahali pake juu ya pedali, goti litapinda kidogo, na huko ndiko kunakotakiwa. Anayependa hesabu na ajue kwamba mnamo mwaka 1967 watafiti wawili Waingereza, Hamley na Thomas, walipendekeza umbali kutoka pedali ya chini hadi juu ya kiti uwe asilimia 109 ya kimo cha miguu. Njia ya kisigino hukaribia hapo bila kalamu wala karatasi.

Sasa nyosha mikono uushike usukani pale juu penye mikono ya breki. Viwiko vilegee kidogo, mabega yasipande masikioni, na usijione kama mtu anayejivuta kufikia rafu ya juu ya kabati. Hapa ndipo wengi huanguka mtihani bila kujua. Kipande kinachounganisha usukani na shingo ya fremu chaweza kubadilishwa kwa kingine kirefu au kifupi, na hivyo kurekebisha sentimita moja au mbili. Zaidi ya hapo unapigana na fremu, na fremu haishindwi.

Nilimfundisha isimu kijana mmoja mrefu, mwembamba kama mnazi, aliyetumia sehemu ya mkopo wake wa masomo kununua baiskeli nyekundu ya kupendeza. Fremu yake ilikuwa ya mtu mfupi. Alipandisha nguzo ya kiti mpaka alama ya mwisho iliyochongwa juu yake ikatokeza nje, alama ambayo huonya kwamba nguzo ikivuka hapo yaweza kuvunjika au kuipasua fremu. Hata hivyo bado magoti yalimpinda kupita kiasi. Kabla muhula haujaisha alikuwa akichechemea kwa maumivu ya goti, na baiskeli ikauzwa kwa hasara kwa mtu mwingine, ambaye natumaini alikuwa mfupi. Pesa zile zilikuwa chakula, vitabu na nakala za mihadhara. Watu husema rahisi ni ghali, na kwa kijana yule msemo huo ulikuja na risiti yake.

Fremu ikikutosha, ndipo tuingie kwenye hali yake. Pinda chini, utazame sehemu ya nyuma tu ya shingo ya fremu, pale bomba la juu na bomba la chini yanapokutana nayo. Pitisha kidole upande wa chini wa mabomba hayo. Ukihisi mkunjo, au rangi iliyojikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, jua kwamba chombo hicho kiliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Kirudishe. Tazama pia uma wa mbele kutoka ubavuni. Usiwe umerudi nyuma kuelekea fremu. Simama nyuma ya baiskeli ufumbe jicho moja: magurudumu mawili yawe kwenye mstari mmoja.

Kuna suala la madini. Fremu za chuma cha pua nyembamba ni nzito kidogo kuliko za alumini, lakini huonya kabla ya kuvunjika, na mtu mwenye ujuzi wa kuchomelea aweza kuzirekebisha. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu, lakini ufa wake si kitu cha kuchomelewa ovyo. Ama fremu za nyuzi za kaboni, zinazotumiwa na mabingwa, ni nyepesi ajabu, lakini zaweza kuficha jeraha chini ya rangi iliyo salama kabisa machoni. Kwa mnunuzi asiyejua historia ya chombo, nashauri chuma. Ni afadhali kilo moja ya ziada unayoijua kuliko ufa usioujua.

Kuna sehemu nyingine zinazochunguzwa kwa mikono. Funga breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugongagonga shingoni, gololi zimelegea au zimekwisha. Shika mikono ya pedali, uitikise kuelekea kushoto na kulia. Mhimili mzima hauchezi. Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi baina ya rimu na breki. Likiyumba sana, spoki zimelegea au rimu imepinda. Papasa ubavu wa rimu pale breki inapogusa: ukiwa umechimbika kama sahani, rimu imeliwa na haina maisha marefu. Jaribu kuisogeza nguzo ya kiti. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka mingi ndani ya fremu ya chuma bila grisi yaweza kuganda humo, na kiti kisichosogea huwa cha kimo cha mwenyewe wa kwanza, si chako.

Mnyororo nao hupimwa kwa rula ya darasani. Kila pingili ina urefu wa nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, mnyororo unahitaji kubadilishwa. Zikizidi kwa sehemu ya nane, yamkini meno ya gia yameliwa pia, na mnyororo mpya utarukaruka juu yake. Mwalimu wa hisabati asiyejua namna ya kuwaeleza wanafunzi faida ya sehemu ana mfano huo wa bure.

Nije sasa kwenye jambo ambalo lingenistarehesha darasani, ila kwamba barabarani huwagharimu watu pesa. Sisi wanaisimu huzungumzia polisemia, yaani umbo moja la neno kubeba maana kadhaa. Hakuna neno lenye polisemia ya hatari kuliko "ishirini na nane" katika duka la tairi. Ile baiskeli nyeusi nzito tunayoiita Black Mamba huvaa tairi ya inchi 28 kwa 1½, na kipenyo cha rimu pale tairi inapokalia ni milimita 635. Baiskeli ya mwendo ya kisasa huvaa tairi iitwayo 700C, ambayo katika nchi kadhaa za Ulaya nayo huandikwa 28, ilhali kipenyo chake ni milimita 622. Juu ya hayo, tairi ya 700C yaweza kuandikwa 700 kwa 28, na hapo 28 si kipenyo tena bali ni upana kwa milimita. Baiskeli nyingi za mwendo za miaka ya 1970 huvaa tairi ya inchi 27, ambayo kwa tarakimu ni ndogo kuliko 28 lakini kwa rimu ni kubwa kuliko 700C, yaani milimita 630! Ukimwambia mwenye duka "nipe ishirini na nane," umesema maneno manne na hujasema kitu.

Dawa ipo, nayo imechapwa ubavuni mwa tairi nyingi: tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo isiyodanganya. Kabla ya kununua baiskeli isome, kisha uende maduka mawili ya mji wako uulize kama tairi ya kipenyo hicho inapatikana. Fremu nzuri isiyo na tairi sokoni ni pambo la ukutani. Tahadhari hiyo hiyo ifuate hesi: baadhi ya baiskeli za Ufaransa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zina hesi za aina yake, na fundi wako aweza kuhangaika mwezi mzima akitafuta kipuri kimoja.

Nafasi ya tairi ichunguzwe vilevile. Barabara zetu si za Uholanzi. Chagua fremu ambayo uma na breki zake zinaruhusu tairi ya upana wa milimita 28 au 32, badala ya ile inayobana tairi ya 23 kama kiatu cha harusi. Tairi pana kidogo husamehe mashimo, hupunguza pancha na huuokoa mgongo.

La mwisho katika hali ni la uhai. Desturi ya Uingereza ni kufunga breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Katika sehemu kubwa ya Ulaya bara na Marekani, breki ya mbele huwa mkono wa kushoto. Baiskeli nyingine za Ujerumani na Uholanzi husimama kwa kurudisha pedali nyuma. Chombo kilichokuja na desturi ya kwao hakitakueleza. Mwendeshaji aliyezoea mkono mmoja, akifunga wa pili kwa nguvu wakati wa dharura, aweza kurushwa juu ya usukani. Jaribu breki ukienda polepole, mahali pasipo magari, kabla ya kuingia barabara kuu. Zikiwa kinyume cha mazoea yako, fundi azibadilishe siku hiyo hiyo.

Sasa tuulize bei, na tuiulize vizuri. Bei ya baiskeli ya mtumba si ile anayoitaja muuzaji. Ni hiyo pamoja na kila kitakachonunuliwa mpaka iwe salama barabarani. Tuchukue mfano wa kubuni. Baiskeli ya kwanza inauzwa shilingi 12,000, lakini inahitaji mnyororo, gia, tairi mbili na breki, jumla 9,000. Ya pili inauzwa shilingi 18,000 na inahitaji nyaya za breki na grisi kwa 1,500. Ya "rahisi" imefika 21,000. Ya "ghali" imekomea 19,500. Anayejua kuyataja mapungufu kwa majina yake ndiye pia anayejua kushauriana bei. Usiseme "punguza." Sema, "Mnyororo huu umezidi kwa sehemu ya nane ya inchi, na rimu ya nyuma imeliwa." Mnada hubadilika papo hapo, kwa kuwa umeacha kuomba na kuanza kutoa hoja. Afadhali zaidi, nenda na fundi wako wa mtaani na umlipe kwa muda wake. Jicho lake ni sehemu ya bei, na ni sehemu iliyo nafuu kuliko zote.

Yupo atakayenipinga kwamba makala hii inawapotosha watu wa kijijini, na kwamba Black Mamba inatosha. Nakubaliana naye nusu. Kwa anayebeba gunia la mahindi, mtungi wa maji au abiria kwenye njia ya udongo, chombo kile hakina mpinzani. Neno letu boda boda lilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli za namna hiyo, na fundi yeyote ana vipuri vyake. Mwenye njia ya changarawe asikubali kutiwa wazimu na magurudumu membamba. Lakini mwalimu anayekwenda kilomita 15 za lami kila asubuhi, akiwa na mkoba wa madaftari tu, atafika akiwa na nguvu zaidi kwa chombo chepesi kinachomtosha. Yupo pia atakayesema bora mpya ya bei nafuu kuliko kuukuu. Upya ni hali ya rangi, si hali ya chuma. Fremu nzuri iliyotunzwa kwa miaka 30 yaweza kuishinda mpya iliyounganishwa kwa haraka ili ipendeze dirishani. Kipimo na uchunguzi nilioueleza vinafaa kwa zote mbili.

Hatuwezi kufumba macho kuhusu wizi. Kitu kinachouzwa kwa bei isiyoaminika huenda kina mwenyewe anayekitafuta. Fremu nyingi zina nambari iliyochapwa chini ya mhimili wa pedali. Igeuze baiskeli, uisome, na uhakikishe haikukwaruzwa. Dai risiti yenye nambari hiyo pamoja na jina la muuzaji. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu 322, inamhesabu mkosaji anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba iliibwa. Mwalimu hapendi kufafanua jambo hilo mbele ya mkuu wa kituo, sembuse mbele ya wanafunzi wake.

Nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa wauzaji: fungeni kwenye kila baiskeli kipande cha karatasi chenye vipimo viwili kwa sentimita, urefu wa bomba la kiti na urefu wa bomba la juu, pamoja na kipenyo cha rimu. Wauza viatu hawamwachi mteja akisie namba, na goti si duni kuliko kidole cha mguu. Muuzaji atakayeanza atapata wateja wanaorudi, na wanaorudi na jamaa zao.

La pili ni kwetu walimu. Fundi wa baiskeli kando ya barabara ana msamiati mpana wa Kiswahili wa chuma, hesi, gololi na spoki, ambao haumo katika vitabu vyetu vya kiada, na huenda ukapotea pamoja naye. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wakaukusanye. Mwalimu wa fizikia awaonyeshe uwiano wa gia, na wa hisabati awapimishe kimo cha miguu. Wanafunzi wa darasa hilo hawatarubuniwa na "itakutosha tu" maisha yao yote, wawe wananunua baiskeli, viatu au nyumba.

Msomaji mwenzangu, ikiwa umepanga kwenda sokoni mwishoni mwa mwezi, jipime leo jioni. Andika kimo cha miguu yako kwenye karatasi na uitie mfukoni pamoja na futi kamba. Ukiiona baiskeli ya kupendeza isiyolingana na karatasi hiyo, ipe kwaheri bila kinyongo. Iliyotengenezwa kwa mwili kama wako bado inakuja, na anayeujua mwili wake ataitambua ikifika.